Chupa Nyeupe

Alfajiri, chini kabisa, mto Kawa unapoingia ziwani,
ninazamisha chupa polepole,
kinywa kikielekea mto unakotoka,
isije ikameza hewa ya huku juu.
Kiputo kimoja tu cha Bukavu kikiingia
kipimo kitadanganya,
nami nimechoka kudanganywa na vitu vidogo.

Matone ya manganizi. Matone ya dawa ya pili.
Kizibo. Pindua, geuza, pindua tena.
Halafu unangoja, kama mtu angojaye majani ya chai yatue.

Marehemu Cirhuza, aliyetufundisha kazi hii,
alisema maji yanayopumua huangusha tope la kahawia,
rangi ya njia ya Walungu baada ya mvua.
Yasiyopumua huangusha weupe.
Hakuongeza neno. Akatutuma tukaoshe chupa.

Ya kwanza niliichota juu kule, upande wa Kadutu,
wanawake wanakopanga bidoni zao za njano:
kahawia.
Ya pili, nyuma ya soko:
kahawia iliyopauka, chai ya nyumba isiyo na majani ya kutosha.
Ya tatu, chini ya machinjio na bomba la sabuni,
nilibishana nayo, nikaiinua kwenye mwanga,
nikaita rangi yake majina matatu.
Ya nne ni hii.

Nyeupe.
Nyeupe kama mashanza katika kibuyu cha bibi yangu,
weupe ambao zamani ulimaanisha kuna mgeni na amekaribishwa.

Watu hudhani mto hufa kwa njaa.
Huu tumeushibisha.
Maganda ya ndizi, damu ya ng'ombe, maji ya kufulia,
choo cha kila kilima kinachoteremka usiku mvua ikinyesha:
kila punje ina vinywa visivyoonekana vinavyoila,
na kila kinywa, kikila, kinavuta pumzi.
Ndivyo familia hulala na mbabula ndani,
madirisha yamefungwa, makala mekundu, chumba kina joto zuri,
na asubuhi jirani anagonga, anagonga.

Kwenye tope wamebaki minyoo wembamba, wekundu kama uzi.
Hao wamejifunza kuweka hewa akiba ndani ya damu.
Kaa wa mawe sijawaona tangu mwaka juzi.

Jua likachomoza. Watoto wakateremka na mabeseni.
«Leo samaki iko najileta yenyewe!»
Na kweli, walikuwa wamejileta,
tilapia kwa mamia, midomo juu ya maji,
ikifunguka na kufumba, ikifunguka na kufumba.
Mama mmoja alimshukuru Mungu kwa sauti.
Sikuwa na moyo wa kumkatiza,
wala sikuwa na haki ya kunyamaza,
basi nikafanya lile ninaloliweza: nikaandika sufuri kwenye daftari,
nikaipigia mstari.

Nsimire, wa miaka minane hivi, akaniwekea beseni miguuni.
«Mama, inasema nini?»
«Haisemi kitu. Inatafuta hewa.»
Akatazama juu, akatazama kushoto, hadi Ruzizi,
akatazama anga lote lililokuwa bure juu ya vichwa vyetu.
«Lakini hewa si iko hapa?»

Nilianza kueleza. Nikasema yeyuka, nikasema ujazo,
nikasema joto. Maneno yakaanguka chini ya chupa
na hayakuwa na rangi yoyote.

Yeye alishaondoka.
Akarudi na bua la jani la papai,
akachuchumaa, akalitia ndani ya beseni,
akapuliza.
Viputo vikapanda kando ya samaki mmoja aliyelala ubavu.
Akavuta pumzi, akapuliza tena, mashavu yamejaa.

Najua hesabu yake. Naweza kukwambia
mtoto huyu atazimia kabla beseni halijatosheka,
na pumzi ya kutoka kifuani imekwisha kutumika.
Kizibo cha chupa ya nne kilikuwa bado mkononi mwangu.
Nikakitia mfukoni,
nikapiga magoti kwenye tope,
nikamshikia beseni lisipinduke.